Hodi kwa Kiboko

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Kwingi methali hii husemwa kwa mzaha, mgeni anapoanza kukizoea kiti cha sebuleni. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilitekelezwa kama ilivyo. Makazi yale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na utaratibu wa kuwapokea watu ulibaki kwa miongo mingi karibu ule ule: unaandikwa jina, unapimiwa kipande cha ardhi, unapewa vyombo vya kuanzia maisha, na jembe. Baada ya Wanyarwanda tulifuata sisi Wakongomani, wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wasomali wengi waliliweka jembe kando wakafungua maduka pale Base Camp. Sisi wa kutoka Fizi, kule Kongo, tulilima. Leo watu wa Nakivale wamepita 150,000, na wengi wao wakikutana sokoni huelewana kwa hiki Kiswahili chetu cha kuungaunga.

Mimi nimelelewa na jembe hilo, wala silidharau. Lakini methali ile inamfundisha mwenyeji namna ya kumtendea mgeni. Haimwambii mgeni alipige wapi jembe lake, wala asimame vipi mbele ya vitu alivyovikuta. Sehemu hiyo ya funzo nimeipata ukubwani, ndani ya mtumbwi, asubuhi moja katika mafunjo.

Siku hizi ninaishi Nyamitanga, kilima kilicho ng'ambo ya mto ukitoka mjini Mbarara, penye kanisa kuu la Jimbo Kuu Katoliki. Mto wenyewe ni Rwizi. Ninauvuka nikienda kazini, ninauvuka nikirudi, na kwa miaka mingi sikuupa zaidi ya jicho la pembeni: maji ya rangi ya chai ya maziwa, vijana wanaoosha pikipiki, mama na dumu lake la njano. Ukiutazama pale darajani huwezi kudhani una safari ndefu. Unaanzia vilima vya Buhweju, unaunywesha mji wa Mbarara, kisha unashuka mashariki na kupotelea katika mabwawa ya mafunjo na maziwa madogo yanayopakana humo: Mburo, Nakivale, Kachera, Kijanebalola. Maji yakitoka huko ndipo yanapopata njia ya kwenda Ziwa Viktoria. Maana yake ni kwamba maji ninayoyapita asubuhi yanaelekea kule kule walikobaki wazazi wangu. Nimeishi kingo mbili za maji yale yale bila kuyaingia.

Aliyenitia shime kuyaingia ni mtoto wa kaka yangu, kijana aliyezaliwa Nakivale na ambaye Kongo anaijua kwa masimulizi tu. Alikuwa ameona picha za Jinja, watu wakishuka maporomoko ya Nile ndani ya kayaki za plastiki za rangi kali, akanishikilia: "Shangazi, hata sisi tuna maji." Jinja ni mbali na ni ghali. Mabamba, karibu na Entebbe, watalii hupakiwa kwenye mitumbwi ya mbao na vijana wa pale pale, wakapitishwa katika mafunjo nusu siku kumtafuta yule ndege mkubwa mwenye mdomo wa kiatu. Nakivale hakuna kayaki wala ofisi ya tiketi. Kuna wavuvi. Tukaulizia mwenye leseni na sifa ya utulivu, tukaelekezwa kwa mzee mmoja Munyankole, tukapatana bei.

Alitutaka tufike alfajiri, kwa sababu ziwa ni la kina kifupi na upepo wa mchana hulivuruga upesi.

"Agandi, nyabo."

"Ni marungi, ssebo."

Baada ya salamu alihamia Kiswahili, kile cha Uganda kilichookotwa sokoni na barabarani, kisichohangaika na ngeli. Mtumbwi ulikuwa wa mbao, maungio yake yamezibwa kwa nyuzi na kufunikwa vipande vya bati. Ndani mlikuwa na makafi mawili, upondo mmoja, jaketi za kuelea zilizopauka kwa jua, na dumu la mafuta lililokatwa nusu kwa ajili ya kutolea maji. Mzee akagawa kazi kama anayepanga watoto mezani.

"Nyabo, wewe mbele. Piga kafi polepole, sawasawa. Mimi nyuma. Kijana atoe maji." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kanuni: "Ukiona kitu, usisimame. Ukiogopa, kaa. Ukifurahi, kaa."

Aliyezoea kuongoza angedhani mbele ndiko kwenye heshima. Mbele unaona kila kitu kwanza: yungiyungi linalofunguka, ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani yake bila kuzama, mdiria aliyesimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini. Unaona, lakini hupeleki. Wa mbele hutoa mwendo. Wa nyuma hulaza kafi kidogo tu, na pua ya mtumbwi inageuka. Nilijaribu kukwepa gogo kwa kuvuta upande mmoja kwa nguvu, na mzee akaniacha nijichokeshe, halafu akasahihisha njia kwa mkono mmoja.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kutangulia kwa sauti pasipo kuongoza maana: mtu anazungumza, mimi ninasema, lakini njia si yangu. Kwa hiyo kiti cha mbele kilinifaa kuliko nilivyotarajia. Wakimbizi wengi ninaowajua walikuwa watu wa nyuma huko kwao, walimu, wachungaji, akina mama wenye biashara, watu walioshika usukani wa maisha ya wengine. Kufika mahali na kuambiwa ukae mbele upige kafi tu kunamuuma mtu. Lakini kuna maji ambayo huyajui bado, na kujua kwamba huyajui ni ujuzi pia.

Baada ya muda mafunjo yalifunga mbele yetu kama ukuta. Mzee aliuona mwanya ambao mimi sikuuona, akaingiza mtumbwi humo, na mara dunia ikawa nyembamba. Mafunjo hukua hata kupita mita 4, kwa hiyo ukiwa umekaa chini kwenye mtumbwi huoni kilima wala paa la nyumba. Unaona mashina na vichwa vyake vya nyuzi za kijani, na kipande cha anga. Yakisuguana hutoa sauti ya chini inayokwenda na kurudi. Mzee alikata shina moja akampa kijana. Si la mviringo; lina pande tatu, ukilipitisha kidoleni unahisi pembe zake. Ndani ni nyeupe, limejaa hewa, ukilibonyeza linarudi polepole. Hewa hiyo ndiyo inayoliwezesha kuishi hapo. Mizizi mikuu hulala na kusukana hadi kuwa zulia zito, na zulia hilo huelea.

"Chomeka upondo," mzee akamwambia kijana. Upondo ukapenya kwenye zulia, ukashuka, ukaendelea kushuka. Kijana akageuka kunitazama, macho yamemtoka. Tulikuwa tumezungukwa na shamba zima la majani marefu ambalo chini yake mlikuwa na maji matupu.

Kazi ya zulia hilo haionekani, nayo ni kubwa. Mto ukifika kwenye mafunjo hupoteza haraka yake. Udongo ulioubeba kutoka milimani na mashambani hutua. Mizizi hunyonya mbolea na uchafu uliokuja na maji. Mvua ikizidi, bwawa hulimbikiza. Kiangazi kikija, huachilia kidogo kidogo. Samaki huzalia humo: ngege, kambare, na kamongo mwenye mapafu anayepanda juu kuvuta hewa. Nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizoachana, hujificha humo. Ndiyo maana mwaka 2006 mabwawa haya ya Mburo na Nakivale yaliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Uganda ilikuwa imejiunga na mkataba huo tangu 1988.

Tulipotoka upande wa pili, kwenye ghuba iliyotulia, mzee aliacha kupiga kafi. Niliacha pia. Mbele yetu mapovu yalipanda, yakapasuka, yakapanda mengine hatua chache pembeni. Mzee akaligeuza kafi, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini: ko, ko, ko. Akangoja. Akagonga tena.

Kijana akanong'ona, "Anafanya nini?"

"Anapiga hodi," nikasema, nami sikuwa nimefikiri kabla ya kulisema.

Kiboko aliinuka mbali kuliko nilivyotazamia: masikio kwanza, yakitikisa maji, kisha macho, kisha pua zilizopuliza. Akatuangalia. Mzee hakumsogelea wala hakukimbia. Akauvuta mtumbwi kando, kwenye maji mafupi, akaliacha eneo lote la kina likiwa wazi.

"Yeye apewe kina," akasema. "Sisi tunapita pembeni."

Baadaye, tulipokuwa mbali, alitueleza. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika 5 hivi. Mchana anapumzika, usiku anatoka kula majani. Hataki vita, anataka njia ya kurudi kwenye kina. Wanaoumizwa mara nyingi ni waliompitia juu bila yeye kujua, au waliosimama kati yake na maji. Ndiyo maana mvuvi mzoefu hugonga mtumbwi: anamwambia aliyeko chini kwamba kuna mtu anapita, ajipange.

"Na asipotokea?" nikauliza. "Ukigonga na usione kitu?"

"Tunarudi tulikotoka, nyabo."

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa mara ya tatu, unaondoka bila kinyongo, hata kama umetoka mbali, hata kama una haja kubwa. Mlango si wako. Nimeijua adabu hiyo tangu utotoni, nikaitumia kwenye milango ya watu, lakini haikunijia kwamba ziwa lina mlango, bonde lina mlango, na kwamba mtu anaweza kuishi mahali nusu ya umri wake akiingia na kutoka bila kugonga hata mara moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama mambo mengi kwa swali hilo: hapa, nani amegonga?

Chukua wavuvi wa Mabamba. Zamani walimchukia ndege yule mwenye mdomo wa kiatu. Waliamini kwamba ukikutana naye asubuhi hutapata samaki siku nzima, nao walimuua. Chuki ilikuwa na chanzo chake: anakula kamongo, samaki yule yule waliyemtafuta. Siku hizi baadhi ya wavuvi hao na watoto wao ndio wanaowaongoza wageni kumtazama, na ndege aliyekuwa mkosi amekuwa mlinzi wa ada ya shule. Tuna methali nyingine ya ugeni, kwamba mgeni aje, mwenyeji apone. Hutimia tu pale mgeni anapokubali kukaa mbele, kulipa, kunyamaza, na kupelekwa na anayeijua njia.

Chukua sasa Rwizi. Ukitoka darajani pale Nyamitanga ukapanda na mto, utaona bonde likichimbwa udongo wa matofali, mchanga ukitolewa kwa malori, vinamasi vikikaushwa kwa mifereji ili viwe mashamba na malisho, mikaratusi ikipandwa mahali pa mafunjo. Kila mmoja ana sababu yake, na nyingine ni za kweli: nyumba zinajengwa, watoto wanakula. Lakini hakuna aliyegonga. Mto usio na kinamasi hauna pa kupumzikia. Mvua ikinyesha unafurika, kiangazi kikikaza unakonda, na mabomba ya mjini yanaanza kukohoa. Kanuni zipo. Zile za mwaka 2000 zimetenga mita 100 kando ya mito mikubwa, na Rwizi imetajwa miongoni mwake. Kanuni bila adabu huishia kuwa bango lililopigwa msumari kwenye mti.

Nasi wa Nakivale tumo katika hesabu hiyo. Miti ya vilima vile iliishia kwenye majiko yetu, na majembe yetu yameshuka bondeni mwaka hadi mwaka kufuata unyevu. Mgao wa chakula ulipopunguzwa miaka ya karibuni, watu walishuka zaidi. Mwenye njaa hana miiko, na mimi si wa kusimama Nyamitanga nikamhubiria mama mwenye watoto watano kuhusu mafunjo. Ninachosema ni kwamba anayemwonyesha mahali pa kulima amwonyeshe pia mahali pa kutolima, na amweleze kwa nini, kwa lugha anayoielewa. Hayo mawili yakienda pamoja, jembe halina ubaya.

Tulikula mihogo ya kuchemsha chini ya mti, tukisubiri kijana amalize kumpiga picha furukombe aliyekuwa akilia juu yetu. Hapo ndipo mzee alipotusimulia habari za baba yake. Ng'ombe wa familia yao walikuwa wakichungwa upande wa Mburo. Mwaka 1983 eneo lile lilipofanywa hifadhi ya taifa, watu wa humo walitolewa kwa nguvu. Familia yake ilitoka na walichoweza kubeba, ikahama mara kadhaa, na ng'ombe wakaisha njiani. Baada ya serikali kubadilika mwaka 1986, sehemu kubwa ya ardhi ile ilirudishwa kwa watu na hifadhi ikabaki na kilomita za mraba 260 hivi, lakini kwao hapakuwa tena na mifugo ya kurudisha humo. Ndipo yeye akajifunza maji, akifundishwa na mvuvi mgeni aliyetoka mbali, ambaye kabila lake hakulitaja.

Nilikuwa nimekuja nikiwa na picha safi kichwani: yeye mwenyeji, sisi wageni. Picha ile haikustahimili hadithi hiyo. Mtu niliyemwachia kiti cha nyuma kwa sababu kwao ni hapa, naye alishika kafi kwa sababu alifukuzwa kwao. Ukichunguza sana ukingo wa ziwa lolote katika nchi hizi za maziwa makuu, utakuta karibu kila mtu amefika, ama yeye, ama baba yake. Hata sheria inakaribia kusema hivyo kuhusu maji yenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haimpi mtu umiliki wa ziwa, mto wala kinamasi. Dola inavishika kwa amana ya wananchi wote. Kwa hiyo ndani ya mafunjo hapana mwenye nyumba miongoni mwetu. Kuna wanaojua kugonga na wasiojua.

Kijana alikuwa anasikiliza zaidi kuliko nilivyodhani. Akamuuliza mzee swali ambalo mimi nimelizunguka maisha yangu yote kwa kuwa nililiona ni la ofisini, la fomu na vitambulisho: "Mzee, sisi tutakuwa wenyeji lini?"

Mzee hakuitazama serikali wala karatasi. Aliosha mikono yake ziwani, akajibu: "Siku mtu mwingine akifika, akikuuliza njia, nawe unaijua."

Sitaki kulifanya jibu hilo kuwa tamu kuliko lilivyo. Kuna haki ambazo adabu njema haizileti, na kuna watu waliozeeka Nakivale wakijua kila njia na bado wanaitwa wageni kwenye kila dirisha. Mambo hayo yana mahali pake pa kudaiwa, na yadaiwe. Lakini jibu la mzee linanipa kitu ninachoweza kukifanya bila kungoja muhuri wa mtu.

Katika kazi yangu ninakutana na waliofika juzi, vumbi la safari bado liko kwenye mabegi. Nimeajiriwa kutafsiri maswali na majibu, basi. Fomu ikishafungwa, nje kwenye benchi, huwa ninaongeza dakika zangu. Ninawaambia maji watakayokunywa yanatoka wapi na yamepita wapi kabla ya kuwafikia. Ninawaambia wasilime chini ya mstari wa mafunjo hata wakimwona jirani amelima, na wasishuke ziwani gizani, kwa sababu saa hizo viboko wako nchi kavu. Ninawafundisha agandi na jibu lake, ili wajue kumsalimu jirani wa upande wa pili wa mpaka wa makazi kabla hawajahitaji chochote kutoka kwake. Wengine hunisikiliza kwa adabu ya uchovu tu. Lakini mwezi uliopita mama mmoja niliyemwambia hayo alikuja na dada yake aliyefika nyuma yake, na nilipoanza kufungua mdomo akanizuia kwa mkono: alikuwa ameshamweleza yote njiani, na la kiboko aliliongezea chumvi.